Rhobi na Mashimo ya Simu

Nikuulize wewe unayesoma. Simu yako ikikuambia neno moja kila asubuhi kwa miaka miwili, nawe ukaijibu "Baadaye" kila asubuhi, mkaidi ni nani kati yenu wawili?

Usijibu upesi. Sikiliza kwanza habari ya Rhobi.

Rhobi anaishi Susuni, wilaya ya Tarime. Ana migomba, shamba la mahindi, watoto watatu na ng'ombe wanne. Mume wake, Godwin, anaendesha bodaboda Nyamongo. Huja nyumbani mwisho wa wiki. Alfajiri Rhobi huwasha moto na kubandika uji wa wimbi. Uji ukianza kutokota, huchomoa simu yake kwenye waya wa sola na kuifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

Simu hiyo ilikuwa na kazi kubwa. Zamani ng'ombe wakiibwa, mwenye mali alipiga yowe. Jirani alilipokea, naye akapiga, likaenda kilima hadi kilima. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu. Kwa hiyo kijiji kilifungua kundi la ujumbe, nyumba mia moja na ishirini. Kila ng'ombe alipigwa picha, ubavu wa kulia na wa kushoto, na alama ya masikio. Picha zote alizitunza Rhobi. Ng'ombe akipotea, unampigia Rhobi. Rhobi anatuma picha, anataja njia, na watu wanakimbia kuiziba.

Kazi hiyo waliiita kutunza yowe. Rhobi alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa. Aliipenda kazi hiyo. Aliipenda hivi kwamba hata akiwa shambani aliifunga simu kiunoni, ndani ya mfuko wa nailoni, jasho lisiifikie.

Waisiko, mdogo wake Godwin, hakuipenda hata kidogo.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "yowe la kidole ni yowe gani? Kidole kikikwama, ng'ombe wameshafika Kenya."

"Na wewe ukishikwa na mafua," Rhobi alijibu, "yowe la koo litatokea wapi? Puani?"

Watoto walicheka. Waisiko akaenda zake akitikisa kichwa.

Sasa, kila asubuhi simu ya Rhobi iliandika: "Sasisho lipo tayari. Sakinisha sasa?" Na kila asubuhi Rhobi alibonyeza "Baadaye."

Hakuwa mvivu. Alikuwa na sababu. Susuni iko karibu na mpaka. Ukitembea hatua chache, simu inaacha mtandao wa Tanzania na kushika wa Kenya. Mwaka fulani simu ilianza kujisasisha yenyewe huku imeshika mtandao wa Kenya. Uji haujaiva, bando lote limekwisha. Kijana mmoja wa Sirari akamwonyesha namna ya kuzuia masasisho yasije yenyewe, simu iulize kwanza. Rhobi alifurahi. Akaenda kuwafundisha na wenzake wa kundi, nyumba kwa nyumba. Aliwafundisha vizuri sana, na hapo ndipo kosa lilipoenea.

Jumatano moja asubuhi simu ya Rhobi ilianza kutuma ujumbe peke yake. "Umeshinda zawadi! Bonyeza hapa!" Ujumbe ulikwenda kwenye kundi mara sitini. Watu wanne walibonyeza, na simu zao nazo zikaanza kutuma. Kundi likajaa takataka. Wengine walilizima, wengine walitoka.

Saa mbili asubuhi hiyo hiyo, Mzee Simioni alikuta zizi lake liko wazi. Ng'ombe wake wawili hawapo. Alimpigia Rhobi. Rhobi alituma picha. Lakini picha ilizama katikati ya zawadi za uongo. Aliyeiona alisema, "Uongo mwingine huo." Hakutoka mtu.

Ng'ombe wa Mzee Simioni hawakuonekana tena.

Jioni, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mseti, alikuja hadi mlangoni kwa Rhobi. Hakukaa.

"Mama, Jumamosi tuna mkutano," alisema. "Watu wanataka kazi ya yowe iondoke kwako. Wanataka na kundi lifungwe. Nimeona nikuambie mwenyewe."

"Nimesikia, mzee."

Alipoondoka, Rhobi aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akalia. Hakulilia cheo. Aliwafikiria ng'ombe wa Mzee Simioni. Mmoja alikuwa na mimba.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi ofisi za halmashauri. Huko alikutana na Pudensiana, afisa wa mambo ya kompyuta, dada kutoka Kagera aliyehamishiwa Tarime. Rhobi aliweka simu mezani kama mtu anayemleta mgonjwa.

"Karibu, dada. Imekufanyaje?" Pudensiana aliuliza.

Rhobi alieleza yote, tangu bando hadi ng'ombe. Pudensiana alifungua simu, akatazama, akaguna.

"Hii haijasasishwa miaka miwili. Siku za karibuni ulifungua nini?"

"Nilitafuta bei ya dawa ya kupe. Ukurasa mmoja tu. Sikubonyeza kitu!"

"Nakuamini. Inaelekea ukurasa ule ulikuwa wa wezi. Simu iliyozibwa isingepata shida. Yako ilikuwa na shimo."

"Shimo? Mbona haijawahi kuanguka?"

Pudensiana alicheka. "Si shimo la kioo. Ndani ya simu kuna programu. Programu ni maagizo yanayoiambia simu ifanye nini. Yameandikwa na watu, na watu hukosea. Palipokosewa, mwizi anaweza kupita. Kuna wataalamu duniani kazi yao ni kutafuta makosa hayo. Wakiliona kosa, humwambia mtengenezaji. Yeye hutengeneza kiraka cha kuliziba. Kisha shimo hutangazwa wazi na kupewa namba, kila mtu ajue."

"Linatangazwa? Hata mwizi anasikia?"

"Hata mwizi. Ndiyo maana usichelewe. Zamani mwizi alichukua miezi kulitumia. Siku hizi mara nyingine ni siku chache tu. Lile sasisho unaloliambia 'Baadaye' ndicho kiraka chenyewe."

Rhobi aliitazama simu. Kisha akauliza, "Lakini shemeji yangu amesikia redioni kwamba mashimo yanaongezeka kila mwaka. Anasema simu zimeoza."

"Kuongezeka ni kweli. Mwaka 2016 yalitangazwa kama elfu sita na zaidi. Mwaka 2024 yalipita elfu arobaini. Lakini fikiri, dada. Programu zimekuwa nyingi, na wanaotafuta mashimo nao wamekuwa wengi. Hesabu hiyo ni ya mashimo yaliyoonekana. Si yote yako kwenye simu yako, na mengi yana kiraka tayari."

Rhobi alikaa wima ghafla. "Dada, haya ni mambo ya zizi!"

"Zizi gani?"

"Wewe tengeneza simu. Mengine nitayasema Jumamosi."

Pudensiana alihifadhi picha za ng'ombe mahali pengine. Kusasisha peke yake kusingemtoa mwizi aliyekwisha kuingia. Kwa hiyo aliifuta simu yote ikawa kama mpya, ndipo akaisasisha kwa intaneti ya ofisi. Rhobi aliweka nywila mpya. Kisha Pudensiana akamfundisha kuzima data ya nje ya nchi, ili simu isile bando kwenye mtandao wa Kenya.

"Kumbe ni kidude hiki kimoja tu?" Rhobi aliuliza.

"Hicho kimoja tu."

"Miaka miwili! Mungu wangu."

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Pudensiana naye alikuja, akakaa nyuma. Waisiko alisimama wa kwanza.

"Mimi sina maneno mengi," alisema, kisha akasema mengi. "Mashimo elfu arobaini kwa mwaka! Redio imesema! Simu ni chujio, jamani. Turudi kwenye yowe la koo!"

"Kweli!" watu walipiga kelele.

Mzee Mseti aliinua fimbo. "Wewe mura, kijana, kaa chini. Rhobi, sema."

Rhobi alisimama. 

"Shimo lilikuwa kwangu," alisema. "Simu yangu iliniambia nizibe, nikaiambia baadaye. Na ninyi niliwafundisha hivyo hivyo. Mzee Simioni, nimekukosea. Nisamehe."

Watu walitazamana. Hawakuzoea mtu kusema hivyo mbele ya watu.

"Sasa, mzee wangu, naomba nikuulize," Rhobi aliendelea. "Zamani ulipoishi peke yako kule bondeni, kwa mwaka ulihesabu mashimo mangapi kwenye ua wa zizi lako?"

Mzee Simioni alifikiri. "Hata moja."

"Na ng'ombe walitoka?"

"Walitoka! Sana!"

"Tulipoanza desturi yetu ya kuzungukiana mazizi kila Jumatatu, jirani akiona shimo analitaja kwa sauti, mwaka ule tulihesabu mangapi kwako?"

"Kumi na saba," mzee alisema, na watu wakacheka. "Saba uliyaona wewe!"

"Je, zizi lilikuwa limeoza kuliko la bondeni?"

Mzee Simioni alicheka. "Hapana, binti yangu. Yalikuwa sawa tu. Macho ndiyo yaliongezeka."

"Na tulipotaja shimo, ulisema 'Baadaye'?"

"Nani aseme baadaye? Mwizi naye ana masikio! Nilikata miiba saa hiyo hiyo!"

"Basi na simu ni hivyo hivyo," Rhobi alisema. "Elfu arobaini ni mashimo yaliyotajwa. Linalotajwa linazibwa. La hatari ni lile tuliloambiwa tukaliacha. Msifunge kundi. Zibeni simu."

Makofi yalipigwa hadi vumbi likatimka. Mzee Mseti alitazama huku na huku.

"Anayetaka Rhobi aondoke, asimame."

Waisiko alinyanyuka nusu, akaangalia pembeni, akakaa. Hakusimama mtu.

Wiki iliyofuata Pudensiana alifungua intaneti kwenye ofisi ya kata. Watu walikuja na simu zao, na Rhobi alipita kwa kila mmoja.

"Chaji iwe zaidi ya nusu," alisema. "Zima data ya nje ya nchi. Fungua Mipangilio. Shuka hadi Sasisho la Mfumo. Bonyeza, na usiizime mpaka imalize. Halafu nenda kwenye duka la programu, sasisha na zile programu zako. Ukimaliza, ruhusu masasisho yaje yenyewe."

Simu za wale wanne waliobonyeza zawadi zilisafishwa kwanza, na waliotoka kwenye kundi wakarudishwa. Simu tatu zilikuwa za zamani mno. Mtengenezaji hakuzitolea viraka tena. Pudensiana alisema zitumike kupiga na kupokea tu, zisikae kwenye kundi.

Waisiko alikuja wa mwisho. Alimpa Rhobi simu bila kuitazama.

"Inasema nini hapa?"

"Inasema sasisho lipo tayari."

"Na hapa?"

"Sakinisha sasa."

"Basi sakinisha. Usinichekeshee watu."

Rhobi alisakinisha. Hakucheka.

Mwezi mmoja ulipita. Asubuhi moja, wakati wa kukamua, simu ya Rhobi iliita. Alikuwa Waisiko, anahema.

"Shemeji! Ng'ombe wangu! Watatu! Nyayo zinakwenda mtoni!"

Rhobi aliacha maziwa hapo hapo. Alitafuta picha: mmoja mweusi mwenye baka jeupe, wawili wekundu, wote sikio la kushoto limekatwa ncha. Akaandika: "Ng'ombe wa Waisiko. Njia ya mtoni, kuelekea mpaka. Zibeni."

Ujumbe uliingia nyumba mia moja na kumi na saba. Hakuna aliyesema ni uongo. Waliokuwa wanalima waliacha majembe. Bodaboda tano zilikimbilia kivukoni. Mzee Simioni mwenyewe alikaa katikati ya njia na panga lake, akisema, "Leo wapite juu yangu!"

Haikufika saa moja. Wezi walipoona watu mbele na watu nyuma, waliwaacha ng'ombe kwenye mahindi, wakakimbia. Ng'ombe watatu walirudi wakiimbiwa. Wanawake walipiga vigelegele kuanzia mtoni hadi kwa Waisiko. Mzee Mseti alicheza ngoma bila ngoma, na fimbo yake hewani.

"Yowe la kidole!" watu waliimba. "Yowe la kidole!"

Rhobi aliimba nao hadi sauti ikakauka.

Watu walipoanza kutawanyika, Waisiko alimfuata Rhobi hadi kwenye migomba yake. Alikuwa na simu mkononi. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Umefanya kazi, shemeji."

"Tumefanya wote."

"Hapana. Sikia." Alitazama kama kuna mtu karibu. "Ujumbe wa ng'ombe wangu mwenyewe, nimesomewa na mtoto wa jirani. Kila ujumbe nasomewa. Shule niliiacha darasa la pili nikaenda kuchunga. Nilipokuwa nalipigania yowe la koo, ni kwa sababu lile nalisikia. Hili la kwako lilikuwa linanipita."

Rhobi alisogea karibu. Alimwacha amalize.

Waisiko alimpa ile simu, ujumbe wa asubuhi ukiwa bado wazi kwenye kioo.

"Shemeji," alisema, "nataka kulisoma yowe mwenyewe. Nifundishe."