Kitambaa Chekundu cha Wiesenrode

Siku za shule, Hedda alikuwa haamki mpaka mama yake amvute blanketi. Lakini Jumamosi ilikuwa habari nyingine. Siku hiyo aliamka mwenyewe kabla ya jogoo, akanywa maziwa yake akiwa wima, akafunga mkate na soseji kwenye karatasi, akavaa mabuti ya mpira na kupanda baiskeli kwenda kwenye uwanja wa klabu ya urubani ya Wiesenrode.

Ndege za Wiesenrode hazina injini. Huvutwa na waya mrefu wa winchi, mashine ya kukunja waya iliyo mwisho wa uwanja, mpaka zikapanda juu, kisha waya huachiliwa, na rubani akabaki na mabawa yake, upepo na akili yake. Mtumishi wa kuajiriwa hayuko pale. Mwanachama ndiye rubani, ndiye mkata nyasi, ndiye mwosha vyoo. Anayetaka kuruka bila kushika jembe huambiwa akakate tiketi ya ndege ya abiria.

Hedda alikuwa ametimiza miaka kumi na minne, umri ambao sheria humruhusu mwanafunzi kuruka peke yake. Mwalimu wake, Roswitha, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Alikuwa mama mrefu mwenye sauti nzito, aliyeendesha mabasi maisha yake yote hadi alipostaafu. Wiki iliyopita alikuwa amemwambia, "Jumamosi ijayo tutaruka pamoja mara moja. Ukitua vizuri, mimi nitashuka, wewe utabaki."

Basi wiki nzima Hedda hakuwa na usingizi wala hamu ya hesabu.

Jumamosi hiyo ilikuwa pia zamu yake ya kuukagua uwanja. Kila asubuhi kitambaa chekundu hupandishwa kwenye mlingoti, na maadamu kipo juu, hakuna ndege inayoondoka. Mwenye zamu huchukua koleo na toroli, akautembea uwanja kwa miguu kutoka banda la ndege mpaka kwenye michongoma ya upande wa pili, kisha akarudi akakishusha kwa mkono wake mwenyewe. Kazi kubwa ni fuko, wale wanyama wadogo wanaochimba njia chini ya ardhi. Fuko wa nchi ile wanalindwa na sheria. Huruhusiwi kuwaua wala kuwatega. Wao hufukua matuta usiku, wanachama huyasawazisha asubuhi, na ugomvi huo ulianza kabla Hedda hajazaliwa.

Alianza vizuri. Aliondoa tuta la kwanza, la pili, akajaza udongo kwenye toroli na kukanyaga mashimo kwa mabuti yake. Alipofika katikati ya uwanja alisikia milango ya banda ikifunguliwa. Wanafunzi wenzake walikuwa wameanza kuitoa ndege ya mafunzo yenye viti viwili, na desturi ni kwamba anayeiandaa ndege ndiye anayeruka mwanzo. Hedda aliangalia mbele. Nyasi za upande wa michongoma zililala chini ya umande, zikaonekana sawa kabisa.

"Kuna nini huko?" alijiambia. "Hakuna kitu."

Akageuza toroli.

"Umefika mpaka kwenye michongoma?" aliuliza Mwalimu Roswitha bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Nimefika, Mwalimu," alisema Hedda, akakishusha kitambaa chekundu.

Wenzake walikuwa wamekwisha kuiandaa ndege, kwa hiyo zamu yake ikawekwa mwisho. Asubuhi yote ndege zilitua upande wa banda, pale alipokagua, na Hedda akasahau. Mchana upepo uligeuka. Upepo ukigeuka, ndege nazo hugeuka, na sasa zilitakiwa kutua kutoka upande wa michongoma. Hapo ndipo zamu ya Hedda ilipofika, yeye kiti cha mbele, Mwalimu Roswitha kiti cha nyuma.

Aliruka vizuri, wala si maneno ya kumsifu tu. Alizunguka juu ya mashamba ya mahindi na paa jekundu la kanisa, akaipanga ndege sawasawa na uwanja, akaishusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Mwalimu hakusema neno, na kwa Roswitha kimya kilikuwa sifa. Kisha gurudumu likagusa ardhi, pakasikika kishindo, ndege ikaruka tena na kuanguka kwa mkia. Kitu kilivunjika nyuma yao.

Hawakuumia, ila Mwalimu alikuwa amejing'ata mdomo na damu ilimtoka kidogo. Waliposhuka walikuta gurudumu la mkia limeng'oka na mbao zake zimepasuka. Chini yake udongo ulikuwa umevurugika kabisa, hata haikujulikana tena palikuwa na nini hapo kabla.

Wanachama walikuja mbio. Yule aliyefika wa kwanza ni Daktari Achim, tabibu wa meno mwenye ndege yake mwenyewe nyeupe, na maoni juu ya kila jambo.

"Hedda amepita hapa asubuhi, pakawa sawa," alisema. "Kwa hiyo kilichoharibu kimekuja baadaye. Na baadaye ni nani aliyepita na trekta?"

Wote walimgeukia Enno. Enno alikuwa fundi seremala mwanafunzi, kijana mcheshi mwenye nywele za kusimama, na siku ile ndiye aliyekuwa akiuvuta waya wa winchi kwa trekta. Kwa bahati mbaya, mwezi uliopita alikuwa ameacha banda wazi mvua ikaingia.

"Mimi nimepita pembeni, kwenye njia ya waya," alisema Enno. "Hapa sijakanyaga."

"Hata siku ile ya banda ulisema umefunga," alisema Daktari.

Mwalimu Roswitha alifuta mdomo kwa kitambaa cha mkononi. "Enno, weka funguo za trekta mezani. Hutaruka mpaka wanachama wakutane."

Jioni walikaa kwenye benchi mbele ya banda kama kawaida yao, na keki ya plamu ikapitishwa. Hedda alishika kipande chake asiweze kukimeza. Enno alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, hafanyi mzaha wowote, anakwangua tope kwenye viatu vyake kwa kijiti. Hedda alijua kwamba akinyamaza, Jumamosi nyingine huenda akaruka peke yake. Akisema, ndiyo basi. Kisha akafikiria jambo jingine lililomtisha zaidi: kama ndege ile ingekuwa na mwanafunzi mwingine ndani, peke yake, asiye na Roswitha nyuma.

Alisimama. "Mwalimu, mimi sikufika kwenye michongoma."

Wote waliacha kula keki.

"Nilirudi katikati," aliendelea. "Nilitaka niwahi kuiandaa ndege. Matuta ya fuko nadhani yalikuwepo tangu asubuhi. Enno hana kosa. Enno, nisamehe."

Daktari Achim alikohoa na kuangalia keki yake. Mwalimu Roswitha aliinuka, akachukua funguo za trekta mezani na kumrudishia Enno mbele ya watu wote.

"Nimekuonea," alimwambia. "Nakuomba radhi."

"Yamekwisha, Mwalimu," alisema Enno, na kicheko kikaanza kumrudia. "Ila huyu mdogo wangu atanioshea trekta."

"Ataosha, na zaidi," alisema Roswitha. "Hedda, hutaruka mpaka ndege itengenezwe. Na mpaka siku hiyo uwanja ni wako. Kitambaa hakipandi wala hakishuki bila mkono wako."

Hedda alilia njia nzima kurudi nyumbani, akiendesha baiskeli. Lakini kesho yake alfajiri alikuwa uwanjani.

Siku za kwanza alifanya kazi kwa uchungu, na kila ndege iliyopita juu ya kichwa chake ilimchoma moyo. Polepole uchungu ukaanza kupungua. Enno alimfundisha kwamba tuta la fuko halikanyagwi tu. Udongo huondolewa kwanza, shimo likashindiliwa, kisha ikapandwa mbegu ya nyasi. Jioni alikuwa akifika karakana kumsaidia Enno kuung'arisha mkia mpya wa ndege kwa msasa, vumbi la mbao likiwajaa puani. Hedda akajua mahali maji yanapotuama na mahali sungura wanapochimba. Siku moja wageni wa klabu ya jirani walitua pale, mmoja wao akasema hajawahi kutua kwenye nyasi laini namna ile. Enno akamwonyesha Hedda kwa kidole gumba. "Bibi Uwanja huyo hapo. Mkiharibu, mtaulizwa na yeye." Hedda aliona haya, lakini kifua kilimjaa.

Ikafika Jumamosi ambayo ndege ilikuwa imepona. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mvua ingefika adhuhuri na kukaa wiki nzima. Mwalimu Roswitha akamwambia Hedda, "Ni leo asubuhi, au tusubiri mpaka Mungu apende."

Usiku kulikuwa na upepo mkali, na uwanja ulijaa vijiti. Hedda alipandisha kitambaa, akachukua toroli, akaanza kutembea. Alikuwa bado hajafika katikati aliposikia akiitwa. Daktari Achim alikuwa amekwisha kuisukuma ndege yake nyeupe mpaka kwenye waya, na yeye mwenyewe amekaa ndani.

"Hedda, shusha hicho kitambaa, tafadhali," alisema. "Mawingu mazuri ya kutuinua ndiyo hayo, yatakwisha."

"Sijamaliza, Daktari."

"Mtoto, mimi nimetua hapa kabla wewe hujaota meno. Na wewe pia unataka kuruka leo, au siyo? Unajichelewesha mwenyewe."

Maneno hayo yalimgusa penyewe. Hedda aliangalia magharibi, mawingu ya mvua yalikuwa yamekwisha kuchungulia juu ya vilima. Aliangalia nyasi za upande wa michongoma. Zilionekana sawa kabisa, kama siku ile.

"Najua," alisema. "Lakini uwanja bado."

Daktari alimgeukia mwenyekiti. "Roswitha, mwambie huyu mtoto wako."

Mwalimu Roswitha alikuwa amesimama karibu na winchi, kikombe mkononi. "Umemsikia," alisema. "Uwanja bado."

Hedda alitembea mpaka kwenye michongoma. Hakukimbia. Aliokota vijiti, akapiga kila mahali panapolegea kwa kisigino, akagusa mwiba wa michongoma kwa kidole ndipo akageuka. Waliomsubiri walikuwa wamekwisha kukaa chini kwenye nyasi.

"Haya, Bibi Uwanja," alisema Daktari Achim kwa kebehi. "Huko mbali umekuta nini?"

"Vijiti tu. Tuta hakuna."

"Unaona? Nilijua hakuna kitu."

"Ulikuwa unadhani, Daktari," alisema Hedda kwa adabu. "Sasa tunajua."

Enno alicheka mpaka akashika mbavu. Daktari uso ukamwiva. Hedda alikwenda kwenye mlingoti akakishusha kitambaa chekundu, akakikunja vizuri na kukitia mfukoni.

Mwalimu Roswitha alifunga mikanda ya kiti cha nyuma kikiwa kitupu. "Ndege itakuwa nyepesi bila mimi," alisema. "Usishtuke."

Waya ukakaza, ardhi ikaondoka. Ndege ilipanda haraka kuliko siku zote, na Hedda akajikuta juu, peke yake kabisa, nyuma yake hakuna mtu wa kukohoa wala kunung'unika. Chini aliona uwanja wa Wiesenrode mzima, kutoka banda mpaka michongoma, na hapakuwa na kipande chake ambacho mguu wake haukukijua. Aliimba wimbo wa shule kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia. Alitua laini. Akaruka tena, akatua. Akaruka mara ya tatu kama kanuni inavyotaka, na tone la kwanza la mvua likampata akitoka ndani ya ndege.

Walikimbilia bandani wote pamoja, mvua ikipiga mabati. Mwalimu Roswitha akampa mkono.

"Kuruka ulikuwa unajua tangu siku ile tulipovunja mkia," alisema, mbele ya wote. "Mimi nilikuwa nangoja jambo jingine. Rubani si yule anayejua kupanda tu. Ni yule ambaye akisema 'nimekagua', mwenzake anaweza kuweka roho yake juu ya neno hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ufa wako uliuziba mwenyewe, tena hadharani. Leo umesema 'bado' ilhali wewe ndiye uliyekuwa na haraka kuliko wote. Kumbukeni hilo, nyote wadogo, na baadhi yenu wakubwa."

Watu wakacheka, ila Hedda aliona Daktari Achim hayupo. Desturi ya klabu ni kwamba aliyeruka peke yake mara ya kwanza hupewa shada la mbigili, alishike kwa mkono mtupu huku akipongezwa na kila mwanachama, miiba ikimkumbusha kwamba anga haina upole. Hakuna aliyekumbuka kuzichuma, na nje mvua ilikuwa imeshika kasi.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Achim aliingia ameloa chepechepe, suruali yake ya bei imejaa tope mpaka magotini, mkononi ana fungu la mbigili zenye maua ya zambarau.

"Nzuri zinaota kule kwenye michongoma tu," alisema, akimpa Hedda. "Nimezifuata kwa miguu, kwenda na kurudi, na macho nimefumba kwa mvua."

Akatabasamu.

"Njia nzima sikujikwaa hata mara moja."

Hedda akalishika shada kwa nguvu, miiba na yote.