Kiingereza cha Nyumbani

Siku ya Ijumaa duka la vitenge la Bi Zuhurah, katikati ya mji wa Mbarara, hujaa kama mzinga. Wanawake wa Rugaaga wanavuta kitambaa huku, wachuuzi wa Kikongo wanavuta kule, na Bi Zuhurah mwenyewe amekaa juu ya kigoda na chai yake ya tangawizi, macho kila upande. Ijumaa moja ya mwaka 2013, Olga alisimama mbele ya meza ya kukatia akingoja zamu yake. Alivaa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, kilemba kimelala upande mmoja, na kandambili zake zilikuwa bado na vumbi la Nakivale, kambi ya wakimbizi. Aliyepaswa kumhudumia, Nasif, mpwa wa Bi Zuhurah, kanzu nyeupe imenyooka kwa pasi, alikuwa na simu sikioni.

"Can, lah! Aiyo, no problem one. Can, can!"

Olga alifunika mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilimponyoka.

"Nyabo, bibi yangu, unacheka nini?" Nasif aliuliza, akikata simu.

"Ninaseka ile Kiingereza yako. Ni ya fasi gani? Hapa Uganda sijaisikia."

"Ya Malaysia. Mimi nilikaa kule Kuala Lumpur miaka minne."

"Na ulikuwa unaongea na mwanamuke?"

"Na mpishi Mtamil, tumbo kama pipa! Sasa nikukatie kitenge, ama ulikuja 'kuseka' tu?"

"Kata. Kuseka ni bure."

Bi Zuhurah alikohoa kwa makusudi. Nasif akakata, lakini mkasi ulikwenda upande, na kabla Olga hajatoka alikuwa amekwisha kumpa namba yake ya simu.

Nasif alikuwa amekwenda Malaysia kusoma. Ada ilipomshinda aliingia jikoni kwenye mgahawa, akaosha sahani. Humo jikoni alikuwamo Mmalai, alikuwamo Mchina, alikuwamo Mtamil, na kila mmoja alitia neno la kwao katika Kiingereza kama watu wanaochangia chumvi katika chungu kimoja. Walipokubali walisema "can" tu, imetosha. Mwisho wa maneno waliweka "lah", ili neno lisimwume anayeambiwa. Kufunga chakula cha kupeleka nyumbani waliita "tapau". Kwa Kiingereza hicho walimlisha, walimtania, na siku alipopata habari ya kufa kwa baba yake, kwa hicho hicho walimliwaza.

Olga alikuwa na shida yake. Aliishi Kashojwa, ndani ya kambi, na mama yake, Mariette, mgonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba mama wa watu hata viatu vikamkataa, na daktari alisema dawa yake ni kupasuliwa ng'ambo. Wawili hao walikuwa wanangoja kuitwa kuhojiwa kwa safari ya Amerika. Kambini ilisemwa kwamba anayejua Kiingereza ndiye anayepita.

"Nifundishe, Nasif," alimwambia kwenye simu.

"Can, lah. Sema: can."

"Ken, la."

"Bambi, jamani! Wewe unaongea kama mtoto wa Kuala Lumpur."

"Na wewe unaongea Kiswahili kama polisi."

"Polisi gani mzuri kama mimi, malaika wangu?"

"Toka hapa, muongo!"

Ikawa hivyo kila jioni, karibu miaka miwili. Akija Mbarara, Nasif humfungia sambusa za shangazi. "Tapau ya mama," humwambia, na Mariette akila humuuliza bintiye, "Huyu mutu wa sambusa, atakuja lini tumuone?"

Kisha Olga akajiunga na darasa la Kiingereza la Mwalimu Grégoire pale Base Camp, makao makuu ya kambi. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza swali, Olga akasimama kifua mbele, akajibu kama alivyofundishwa. Darasa zima likaangua kicheko. Grégoire alivua miwani, akaifuta.

"Mademoiselle, hii Kiingereza imeoza. Uliitosha wapi? Ukiongea hivi mbele ya bale Bazungu, batakurudisha."

Olga alitoka, akapiga simu palepale nje.

"Nasif, batu bote baliniseka. Kumbe ulinifundisha mubaya kusudi nianguke! Nibakie hapa na weye, mama yangu akufe. Ni hivyo?"

Nasif alinyamaza. Si kwamba ilikuwa kweli. Ila kila alipoweka kipaji cha uso chini msikitini aliomba Olga asipite, na shutuma ile ilimkuta na ombi hilo moyoni.

Olga alisikia ule ukimya, akauona kuwa ndilo jibu. Alitoa laini ya simu, akaitupa chooni.

Hata mwezi haukwisha, wakaitwa. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyemuuliza Kiingereza. Mkalimani alikuwepo, mama mpole wa Bukavu, akageuza kila neno. Mwisho aliuliza, "Binti, uko na bwana? Uko na muchumba?"

"Hapana," Olga alisema, hasira ingali mbichi. "Siko na mutu."

Mariette aligeuka, akamtazama bintiye.

Walipita.

Habari hizo zilimfikia Nasif dukani, kwa wachuuzi. Alipanda pikipiki hadi Kashojwa, akamkuta Olga mlangoni akichambua maharage.

"Olga, sikia. Kule Malaysia kuna Kiingereza mbili. Moja ya ofisi, unavaa kama tai. Ingine ya nyumbani. Ile ya ofisi mimi najua, niliongea na bosi. Wewe ni bosi yangu? Mimi nilikupa ile ya nyumbani."

Mikono ya Olga ilisimama ndani ya ungo.

"Mbona haukusema ile siku?"

"Niliona haya. Nilikuwa naomba Mungu usipite."

"Hata miye niliombaka hivyo," Olga alisema, machozi yakaanguka juu ya maharage. "Halafu nikaona mama, nikaomba tena Mungu asisikie."

"Nataka kukuoa."

"Ni mimi nilisema siko na mutu. Nikigeuza maneno sasa, batafungua tena dosie yote ya safari yetu. Inaweza kukamata miaka."

Toka ndani walimsikia Mariette akitafuta pumzi, ikija, ikikatika, ikija.

"Yeye anaweza kungoja?" Nasif aliuliza.

Olga aliinama juu ya ungo. Nasif akachuchumaa karibu naye, wakamaliza kuchambua maharage yale pamoja, mpaka ungo ukabaki safi.

Asubuhi ya safari Base Camp ilijaa mabegi na vilio. Miguu ya Mariette ilikuwa imekataa kabisa. Nasif ndiye aliyembeba mikononi, kutoka nyumbani hadi kwenye basi, akamkalisha dirishani, akamtia shuka mgongoni. Yule mama alimshika shavu. "Mutu wa sambusa," alisema polepole.

Ofisa mwanamke alipanda na orodha ya majina mkononi. "Mariette na Olga, watu wawili. Na wewe, ssebo? Wewe ni nani wao?"

Olga alifungua mdomo.

"Mimi nabeba mizigo tu, madam," Nasif alisema upesi.

"Kale, sawa, shuka. Gari inatoka."

Olga alimtazama yule mwanaume, jasho la kumbeba mama yake limelowesha shati. Ofisa alikuwa amesimama kati yao.

"Aksanti, papa," akamwambia, kama mtu anavyomshukuru mpagazi asiyemjua.

"Safari njema, nyabo," Nasif alijibu, akashuka.