Sahani ya Nne kwa Donna Vincenza

"Usishuke, Oreste. Nakuomba. Sema una homa."

"Homa ya wapi na jua lote hili?"

"Basi sema tumbo linakukata!"

Oreste alitaka kucheka, akamtazama mchumba wake vizuri, akaacha. Nunzia alikuwa amemng'ang'ania mkono wa shati, uso mweupe kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Meli ilikuwa imeshafunga kamba bandarini Napoli, abiria wanamwagika chini kama mbaazi zilizotobokewa na mfuko. Wao wawili kazi yao ilikuwa humo humo melini: Oreste anapiga piano ukumbini, Nunzia anatengeneza nywele saluni. Jioni meli inang'oa nanga. Kabla ya hapo Oreste alikuwa ameahidiwa kutembezwa mji wa kwao Nunzia, kisha chakula cha mchana kwa mama mkwe.

"Niambie ukweli. Una mume huku?"

"Heri ningekuwa naye!" Nunzia akashusha sauti. "Nimewahi kuleta wachumba watatu kwa mama. Nyumba yetu ina desturi: mkwe akija mara ya kwanza, yeye ndiye anayeshuka stoo ya chini kuleta mvinyo wa mezani. Asipouleta, hakuna ndoa."

"Na hao watatu?"

"Wa kwanza alitoka mbio akaacha kiatu. Wa pili akaacha koti. Wa tatu alikuwa mtu wa zimamoto, Oreste. Wa zimamoto! Alipita sebuleni kama upepo, hata kuaga hakuaga. Mpaka leo akiniona njiani anavuka upande wa pili."

"Kuna nini huko chini?"

Nunzia akafanya ishara ya msalaba. "Hatumtaji."

Wakashuka. Oreste ni mtu wa Trieste, kaskazini kabisa mwa Italia, na watu wa huko hujidai hawaogopi vitu visivyo na kitambulisho. Lakini walipoanza kupanda vichochoro vya mtaa wa Sanità, kuta zikabana, nguo zilizoanikwa juu zikafunika mbingu, mabibi madirishani wakaacha kumenya njegere ili wamtazame.

"Nunzia, huyu wa ngapi?" bibi mmoja akauliza kwa sauti ya mnadani.

"Wa nne, bibi!"

"Ana miguu mirefu. Atakimbia vizuri!"

Vichochoro vyote vikacheka. Oreste alihisi tone la jasho likiteremka mgongoni taratibu, kama lina kazi maalumu.

Kwenye kona palikuwa na kijumba cha Bikira Maria, taa na maua ya plastiki. Nunzia akasimama.

"Baba alipofariki, mama aliweka nadhiri hapa. Hakuna mume mwingine atakayeingia mlangoni mwake mpaka mimi nitoke mlango huo huo na shela kichwani. Unaelewa? Mimi ndiye kufuli la mama yangu. Na sasa upweke unammaliza."

"Na huko chini?"

Nunzia akamkaribia sikioni. "Mtawa Mdogo. Kijitu chenye joho la kitawa. Hukaa kwenye visima vya zamani chini ya nyumba. Akikupenda anakuachia zawadi. Mama ameachiwa samaki, betri, hata viatu vya ndani. Lakini aliyeachiwa akimsimulia mtu, zawadi zinakoma na yeye harudi tena."

"Na asipokupenda?"

"Muulize wa zimamoto."

Donna Vincenza, kama mtaa ulivyomwita mama yake Nunzia kwa heshima, alifungua mlango akiwa amevaa nyeusi tangu shingoni hadi kisiginoni. Nyuma yake ulitoka moshi wa mchuzi wa nyama uliokuwa motoni tangu jana. Watu wa mtaa huo watakuapia kwamba harufu yake iliwahi kumshusha paka kutoka ghorofa ya tano bila kugusa ngazi.

"Ndiye huyu? Mbona amekonda hivi? Kwao Trieste wanakula upepo?"

"Shikamoo, mama. Upepo tunao mwingi kweli."

"Geuka nikuone. Mh. Mwanangu, mikono yake laini. Anafanya kazi gani?"

"Piano, mama."

"Angalau anakaa. Wanaokaa hawakimbii upesi."

Mezani palikuwa na sahani nne. Oreste akahesabu watu: watatu.

"Mama, tunasubiri mgeni?"

Donna Vincenza akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. "Hiyo haiulizwi. Mvinyo uko chini. Pipa la mwisho, kushoto. Chupa hii hapa."

Akanyanyua kifuniko cha mbao kwenye kona ya jiko. Ngazi zilizochongwa kwenye jiwe la manjano ziliteremka gizani, na baridi ikapanda kumpokea Oreste usoni, baridi yenye harufu ya maji yaliyolala.

"Oreste," Nunzia akasema, machozi yanamlengalenga. "Kama ukitaka kukimbia, kimbilia kwangu."

Oreste akashuka. Tochi ya simu ilipita ukutani: majina ya watu waliojificha humo wakati wa vita, picha ya ndege za mabomu iliyochorwa kwa mkaa, tarehe, mioyo. Simu ikatoa mlio mkononi, nusura aitupe. Ujumbe wa Nunzia:

"Ukisikia anakohoa USIGEUKE."

Alipotaka kujibu, mtandao ukapotea. Akafika kwenye pipa la mwisho. Mvinyo nusu uliingia kwenye chupa, nusu kwenye kiatu. Ndipo akasikia hatua. Chwaa. Chwaa. Mtu anatembea majini, kutoka kule kusikokuwa na mlango.

Kisha kikohozi.

Simu ikamponyoka, ikaanguka kifudifudi. Giza. Oreste hakukimbia, na wala tusimsifie ushujaa: miguu ilikuwa imemwacha. Alikaa chini, chupa kifuani kama mtoto mchanga.

"Naniiii hapo?" Sauti nzito, kama pipa linaviringishwa.

"Mimi... sijaiba kitu."

"Wote husema hivyo! Toka kabla sijakunyonya roho!"

"Mheshimiwa Mtawa, siwezi kutoka, miguu haipo! Chukua saa. Chukua simu, iko hapo chini. Chukua na viatu, kimoja kimelowa mvinyo. Niachie hii chupa tu. Nisipopanda nayo sina mke!"

Tone la maji likadondoka mahali. Kisha ile sauti ikauliza, safari hii bila uzito wowote:

"Mke gani?"

"Nunzia."

"Nunzia wa nani?"

"Wa Donna Vincenza! Huyu huyu wa hapo juu!"

"Ala! Kwani wewe si mwizi wa mvinyo?"

Taa ikawaka. Mbele ya Oreste alisimama mzee mfupi, koti la mvua lenye kofia, mabuti ya mpira hadi magotini, shavu limevimba kwa peremende ya kikohozi. Mkononi ameshika bahasha ya karatasi yenye keki za jibini tamu, bado za moto.

"Liborio," mzee akasema kwa aibu. "Fundi bomba mstaafu. Naishi mtaa wa nyuma. Visima vya huku vimeungana chini kwa chini."

"Wewe ndiye... samaki, betri..."

"Na viatu vya ndani. Lakini usimwambie mtu, mwanangu! Nilimwambia Vincenza nampenda, mwaka mmoja baada ya msiba. Akanifungia mlango, hakusema kwa nini. Basi nikatafuta njia isiyo na mlango. Namlindia na mvinyo wake. Nimeshafukuza wezi watatu."

Oreste akamkazia macho. "Mmoja alikuwa na mabega mapana?"

"Mapana! Nikajua huyu atabeba pipa zima."

"Baba... hao walikuwa wachumba wa Nunzia."

Oreste akamweleza nadhiri, neno kwa neno. Mzee alisikiliza, na kila neno lilimpunguza urefu, mpaka akajikuta amekaa kwenye jiwe pembeni.

"Kwa hiyo niliokuwa nawafukuza..."

"Ulikuwa unajifukuza mwenyewe, baba."

Juu Nunzia alikuwa anaita, sauti imeshaanza kukatika: "Oreste! Oreste, nijibu!"

"Twende," Oreste akasema.

"Siwezi! Nikionekana ndiyo mwisho. Akisema sitaki kukuona, nitakuwa sina hata kisima." Sasa mzee ndiye aliyekuwa anatetemeka, keki zinacheza ndani ya bahasha.

"Mimi nilikuogopa wewe nikabaki. Na wewe muogope yeye, ubaki."

Walipotokeza kichwa jikoni, Nunzia alipiga ukelele uliozima redio ya jirani. Donna Vincenza hata hakugeuka. Alikuwa anapakua sahani ya nne.

"Umechelewa, Liborio. Chakula kinaganda."

Mzee akashikilia ukingo wa shimo. "Ulijua?"

"Mtawa gani anajua namba ya mguu wangu? Mtawa gani ananuka mnanaa?"

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Akitajwa harudi." Sauti ya Donna Vincenza ikapwaya kidogo. "Niliogopa. Kila nilipofunika kifuniko hiki niliogopa kwamba kesho yake nitakuta chini yake patupu."

Hata mchuzi ulichemka kwa adabu. Oreste, ambaye hajui kunyamaza panapotakiwa, akasema:

"Mama, ndiye aliyewafukuza wale watatu. Alidhani ni wezi."

Donna Vincenza akageuka polepole, mwiko mkononi.

"Nini?"

"Vincenza, yule mmoja alikuwa na mabega..."

"Wa ZIMAMOTO, Liborio!" Mwiko ukatua begani. "Nimelala peke yangu miaka yote hii" — mwiko — "namwomba Bikira amlete mkwe" — mwiko — "kumbe wewe huko chini unawanyonya roho!"

Alikuwa anapiga huku analia, na mzee alikuwa anapigwa huku anacheka, na Nunzia alikuwa ameshamrukia Oreste shingoni, mvinyo unawamwagikia wote wawili.

Wakala. Wakanywa kilichobaki. Liborio alipotaka kuaga akauelekea mlango wa mbele, Donna Vincenza akamzuia kwa kidole.

"Wapi? Nadhiri ni nadhiri. Umeingia kwa sakafu, utatoka kwa sakafu."

Oreste na Nunzia waliteremka Sanità mbio, honi ya meli inalia, mabibi madirishani wanapiga makelele: "Huyu anakimbia naye! Anakimbia na Nunzia!" Daraja la meli lilikuwa linavutwa walipolirukia. Usiku ule Oreste alipiga piano vibaya mno na abiria wakampigia makofi. Simu ya Nunzia ikalia:

"Mwanangu, pangeni siku upesi. Mzee ana mafua, maji ya chini ni baridi."

Wakafunga ndoa meli iliporudi. Nunzia alitoka mlangoni na shela, kichochoro kizima kinashangilia, mchele unarushwa kutoka kila dirisha. Alipofika kwenye kijumba cha Bikira kwenye kona, akageuka kutazama.

Mzee Liborio alikuwa amesimama mbele ya mlango ule, suti mpya, keki mkononi. Hakuingia. Alikuwa ameinamisha kichwa anatafuta kitu chini, kwenye mawe ya barabara. Mazoea mabaya: alikuwa anatafuta kifuniko.

Donna Vincenza akatokea kizingitini. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikuwa amevaa nguo ya bluu.

"Futa viatu," akamwambia, "uingie."