Simu ya Mjomba Lhou

Kila siku kabla ya kwenda shule, Izza alipanda juu ya paa kuanika mashuka ya wageni. Mama yake, Bi Rkia, alikuwa na nyumba ndogo ya kulala wageni katika mji mkongwe wa Marakesh. Waliofikia hapo walikuwa vijana wanaozunguka dunia na mikoba mikubwa mgongoni. Walikaa siku mbili tatu, wakaenda kuyaona maporomoko ya maji ya Tamda, kisha wakaelekea jangwani.

Safari hii mgeni alikuwa Mirela, msichana kutoka Bosnia. Alimwomba Bi Rkia amruhusu Izza amsindikize Tamda siku ya Jumapili, na Bi Rkia akakubali. Izza alifurahi mno. Tamda ndiko kwao mama yake, na tangu bibi yake afariki hakuwa amerudi huko.

Jumamosi jioni, mama akiwa amekwenda kuchukua mikate kwenye tanuri la mtaa, simu ikalia. Alikuwa mjomba Lhou, akipiga kutoka Tamda.

"Izza, mwambie mama yako kesho asilete mtu huku. Milimani kunanguruma tangu jana. Mimi mwenyewe napanda kuwateremsha mbuzi."

"Sawa, mjomba."

Izza akachungulia nje. Mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu. Mama aliporudi akauliza, "Nani kapiga simu?"

"Mtu kakosea namba."

Asubuhi Ami Larbi akaja na teksi yake. Mzee huyo ndiye aliyewapeleka wageni wao Tamda tangu Izza hajaanza shule. Walipoikaribia milima akapunguza mwendo.

"Mjomba wako anasemaje? Naona kule juu kumefunga mawingu."

"Amesema twende tu, Ami."

"Haya. Anayekaa huko ndiye anayejua."

Ami Larbi alibaki kwenye gari. Izza na Mirela wakapanda hadi chini ya maporomoko, wakavua viatu, wakatia miguu majini. Mara wakasikia mtu akiwaita. Alikuwa Idir, mtoto wa mjomba Lhou, kijana wa miaka kumi na sita, anashuka mbio kati ya mawe.

"Tokeni! Mto unakuja!"

Maji yalikuwa yameshageuka rangi ya udongo. Idir akamshika Izza mkono, akamsukumia juu ya mwamba. Akarudi kumchukua Mirela, akamvuta naye, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupanda. Jiwe kubwa likaja na maji, likamponda mguu.

Hospitalini Marakesh madaktari walimkata mguu chini ya goti. Mirela aliahirisha safari ya jangwani, akatoa damu.

Mjomba Lhou alifika akiwa bado na matope mwilini. "Nilipiga simu, Rkia. Nilimwambia Izza msije."

Watu wote wakamgeukia Izza.

"Mama nilisahau kumwambia, lakini nilimwambia Ami Larbi," akasema. "Akasema mawingu yale si kitu."

Ami Larbi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alimtazama Izza kwa muda mrefu. "Mwanangu, mimi?" akauliza taratibu.

Hakuna aliyemsikiliza. Mjomba Lhou alimwita muuaji, na Bi Rkia akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Habari zikafika kituo cha teksi. Madereva wenzake wakamwondoa kwenye zamu, na nyumba nyingine za wageni zikaacha kumwita.

Izza hakuweza kula. Siku moja alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Idir, Ami Larbi akaingia na mfuko wa machungwa. Idir akageuza uso ukutani.

"Ondoka na machungwa yako, mzee. Ulitaka nauli tu."

Ami Larbi akauchukua mfuko wake, akaanza kutoka polepole.

"Idir, si yeye," Izza akasema. "Hakujua. Mimi sikumwambia mtu. Nilitaka safari isivunjike."

Idir akamgeukia. Alimtazama kana kwamba hamjui.

"Toka," akasema.

Jioni ile ile Bi Rkia alimpeleka Izza kituo cha teksi, akamsimamisha mbele ya madereva wote, na Izza akasema kila kitu. Kesho yake Ami Larbi alirudishwa kwenye zamu. Bi Rkia alimwomba msamaha, naye akaupokea. Lakini kila alipokuja kuchukua wageni, alingoja nje, na Izza alipomwamkia aliitikia kwa kichwa tu. Idir hakutaka kumwona kabisa.

"Mama, nimeshasema kweli," Izza alilia usiku mmoja. "Mbona bado wamenichukia?"

Bi Rkia akamvuta karibu.

"Umefanya vizuri kusema, na Larbi amerudi kazini kwa sababu hiyo. Lakini ukweli huu ungesemwa Jumamosi, Idir angekuwa na miguu miwili. Siwezi kukudanganya kwamba watasahau. Kuanzia sasa, Izza, ukiwa na jambo la kumwokoa mtu, liseme siku hiyo hiyo, hata kama litakunyima unachokipenda."

Asubuhi Izza akapanda juu ya paa na mashuka yake, simu ikalia chini, akashuka mbio kuipokea.

"Mama," akaita, "ni mjomba Lhou. Anataka kusema nawe, si nami."