Maziwa Yaliyogawanyika

Kulikuwa na mama mmoja ambaye maswali hayakumwisha mdomoni. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Mafundi wenzake walimpachika jina la Mama Kwani. "Kwani uzi huu mbona unakatika?" "Kwani kola hii kaipima nani?" Jina lake la kuzaliwa walikuwa wameshalisahau.

Mama Kwani alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minne. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa msusi, naye alikuwa na binti wa miezi sita. Kumweka yaya hakuna aliyeweza. Basi wakapanga zamu. Asubuhi Mama Kwani anakwenda kushona, msusi anabaki na watoto wote wawili. Saa saba wanapokezana. Msusi anavuka barabara kwenda saluni, na Mama Kwani anashika zamu yake.

"Huyu wako hana faida kwangu," msusi alipenda kutania, akimpapasa mtoto kichwa. "Kipara kitupu! Nitamsuka nini mimi?"

Basi jina la Kipara likamganda mtoto wa watu.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, Mama Kwani alinawa mikono kwa sabuni. Kisha alikamua maziwa yake kwenye kikombe safi cha kioo, akakifunika na kukiweka kwa msusi, mahali pa baridi, mbali na jua. Akirudi mchana, alikikuta kimeoshwa.

"Kayanywa?" aliuliza.

"Kikombe kizima," msusi alijibu, huku akitafuta viatu vyake.

Lakini Kipara akaanza visa. Akipewa titi mchana, anavuta mara mbili, anageuza uso. Choo chake kikawa kigumu, na kila akienda haja analia. Maziwa ya Mama Kwani nayo yakaanza kupungua. Kwani mtoto anaweza kumchoka mama yake? Swali hilo lilimnyima raha.

Siku ya kliniki, muuguzi alimpima Kipara. Akatazama kadi, akampima tena.

"Mama, mwezi mzima hajaongezeka hata kidogo. Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu, sista."

"Maziwa tu, na choo kigumu namna hii? Hilo linanishangaza. Hebu chunguza vizuri, kisha urudi."

Mama Kwani alirudi nyumbani moyo mzito. Kama maziwa yake hayatoshi, itabidi aache kazi ashinde na mtoto. Na mume wake alikuwa kibarua, leo ana kazi, kesho hana. Sare zile ndizo zilizolisha nyumba.

Siku tatu baadaye, umeme ulikatika kiwandani. Vyerehani vyote vikanyamaza, mafundi wakaambiwa waende. Saa nne na nusu Mama Kwani alikuwa mlangoni kwa msusi. Alichokiona kilimduwaza. Msusi alikuwa ameinama kwenye ndoo ya maji machafu, anamwaga maziwa ya kikombe cha kioo. Pembeni, Kipara alikuwa na uji mdomoni mpaka mashavuni.

"Unamwaga maziwa ya mwanangu?"

Msusi aliruka. Nusu ya maziwa ilikuwa imeshakwenda.

"Shoga yangu, nisamehe. Yameharibika. Kila siku yanaharibika. Tazama mwenyewe!"

Mama Kwani alikichukua kikombe kwa hasira. Kisha akatazama, na hasira ikampungua. Maziwa yalikuwa yamegawanyika. Juu mazito ya manjano, chini mepesi kama maji.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza zamu. Nikawa nampa uji wa binti yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje?" Machozi yalimlenga msusi. "Nimwambie mwenzangu maziwa yake mabaya? Niliona aibu. Nikasema, bora mtoto ashibe, mama yake asiumie."

Mama Kwani alitaka kufoka. Lakini swali lilimtangulia. Kwani maziwa haya yamegawanywa na nini? Alikifunika kikombe, akambeba mwanawe.

"Mbebe wako. Twende kwa sista."

Muuguzi alinusa maziwa. Kisha akakizungusha kikombe polepole mkononi. Mazito yakashuka, mepesi yakapanda, maziwa yakawa kitu kimoja.

"Mungu wangu!" msusi alisema. "Kumbe yalikuwa mazima?"

"Mazima kabisa," muuguzi alisema. "Yale ya juu ni mafuta. Maziwa ya mama yakitulia, mafuta hupanda. Unayazungusha taratibu, basi."

"Kwani yanakaa muda gani?" Mama Kwani aliuliza.

"Yakifunikwa, mahali pa baridi, muda wa saa nne. Siku ya joto kali, yatumieni mapema zaidi. Kwenye friji, mpaka siku nne."

"Na kuyapasha?" Sasa hata msusi alikuwa anauliza.

"Msiyachemshe. Kiweke kikombe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Mtoto akae wima, anywe kidogo kidogo kwa kikombe, wala usimmiminie. Atakayobakiza, yamwage."

Kisha akamgeukia msusi. "Binti yako ana miezi saba. Uji anastahili, pamoja na titi. Huyu hajafika miezi sita. Uji ulimjaza tumbo, akalikataa titi. Na titi lisiponyonywa, maziwa hupungua. Anyonye mara kwa mara, yatarudi."

Wiki tatu baadaye, Kipara alipopanda mzani, alikuwa ameongezeka mpaka muuguzi akacheka. Choo kikawa laini. Mama Kwani aliendelea kushona, wala hakuna aliyezungumza tena habari ya kuacha kazi.

Lakini kuna siku moja alirudi saa saba, akamkuta msusi ameketi kizingitini, watoto wote wawili mapajani, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande.

"Leo kulikuwaje?" Mama Kwani aliuliza.

Msusi alifungua mdomo kusema "salama". Akaufunga. Akavuta pumzi.

"Leo mwanao amenishinda. Kalia saa nzima, na wangu akafuata. Nikahisi nitampiga. Nikawalaza wote salama kwenye mkeka, nikatoka hapa mlangoni nikapumua mpaka nikatulia. Ndipo nikarudi kuwachukua. Nimekwambia kweli yote. Ukitaka kukasirika, kasirika."

Mama Kwani aliuweka mkoba chini. Aliketi pale kizingitini, bega kwa bega na mwenzake.

"Mimi wako alinifanyia hivyohivyo juzi," alisema. "Niliona aibu kukwambia. Nipe wote wawili, ukaoge kwanza. Saluni itakusubiri."