Kapasita Iliyovuka Mpaka

Kila asubuhi nyumbani kwa Mzee Twaibu palikuwa na ubishi wa saa. Waliishi Tunduma, karibu kabisa na mpaka, na simu ya mzee ilikuwa na tabia ya kunasa mtandao wa Zambia bila kuomba ruhusa ya mtu. Upande ule saa ziko nyuma yetu kwa saa moja. Basi mzee, ambaye malori yake yalimsubiri kwenye foleni ya forodha, alikunywa chai kwa utulivu huku mkewe akimwambia, "Baba Zuleha, umechelewa," naye akimwonyesha simu kwamba bado. Binti yao Zuleha, wa kidato cha pili, alikuwa ameuzoea ubishi huo hata hakuusikia tena, kama alivyokuwa hasikii ngurumo za malori.

Jumamosi moja ya mwaka 2013 aliiazima simu hiyo kwa ajili ya kazi ya fizikia.

Kompyuta ya maabara ya shule ilikuwa na programu ya kuigiza saketi za umeme. Unachora betri, kizuizi cha umeme na kapasita, yaani kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuuachia. Unaweka mita ya volti, unabonyeza, na skrini inakuchorea mstari wa volti unaoshuka kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Mwalimu Ferista aliwataka wanafunzi, wawili wawili, waunde saketi hiyo kwa vifaa halisi, wachomoe betri, wapime volti kila dakika, kisha waingize namba zao katika programu ileile ili mistari miwili ionekane kwenye grafu moja. Wenye ripoti bora wangekwenda kwenye maonyesho ya sayansi Mbeya. Zuleha alikuwa amepita Mbeya mara nyingi, usingizini, ndani ya basi la Dar es Salaam. Safari hii alitaka kushuka.

Alipimia nyumbani, macho kwenye mita, akiandika volti pamoja na saa kama simu ilivyoonyesha. Jumatatu mwenzake Gibson, kijana kutoka Hasamba aliyekaa kwa shangazi yake katika eneo la Mpemba na kujivunia hesabu, alizigeuza saa hizo kuwa dakika tangu kipimo kuanza, akaziingiza katika kompyuta.

Mstari ulishuka vizuri mpaka dakika ya kumi. Hapo ukaruka kushoto, ukavuka sifuri, ukaendelea kushuka huko ng'ambo. Kwa mujibu wa grafu, kapasita ilikuwa imeanza kuishiwa umeme karibu saa nzima kabla betri haijachomolewa.

Gibson aliufuata mstari kwa kidole. "Kapasita yako imevuka mpaka," alisema. "Tena bila pasi."

Zuleha alitaka wapime upya, lakini vifaa vilikuwa vimeshachukuliwa na wenzao, na ripoti ilitakiwa kesho yake. Gibson hakuona tatizo. Kompyuta haikosei, alisema. Wanakili namba zake, wazipunguze kidogo hapa na pale. Zuleha alisema huo ni uongo. Gibson akamjibu kwamba huko ni kusahihisha. Zuleha aliifikiria Mbeya, akanyamaza, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo. Gibson akazipunguza namba kwa haya, kama mtu anayemega andazi la mgeni.

Siku iliyofuata Mwalimu Ferista aliwaita maabara. Alisifu usafi wa ripoti, kisha akaigusisha mita kwenye betri na kumwambia Gibson asome.

"Nne nukta tano mbili, mwalimu."

"Halafu?"

"Imeishia hapo."

"Ripoti yenu ina nne nukta tatu nane saba. Mita hii haina nafasi ya hiyo saba. Mliiona wapi?"

Gibson aliinamia mita. "Tuliangalia kwa makini sana, mwalimu."

Mwalimu hakucheka, ingawa alilazimika kuipanga upya miwani yake. Zuleha aliona Mbeya ikimpita tena. Akatoa mkobani karatasi ya vipimo vya kweli, akaeleza yote, pamoja na kunyamaza kwake.

Mwalimu aliziingiza namba zile. Mstari ukaruka kushoto kama kawaida yake. Akauliza walitumia saa gani, na kipimo kilifanyika wapi.

"Simu ya baba, mwalimu. Nyumbani kwetu, pale karibu na…" Zuleha alisita. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliisikia sauti ya mama yake ya kila asubuhi. "Mwalimu, simu ilihamia Zambia."

Waliongeza saa moja kwenye kila kipimo kilichofuata baada ya mruko. Nukta zote zikarudi mahali pake, zikapangana juu kidogo ya mstari wa kompyuta. Gibson alilalamika kwamba bado mistari haijalingana.

"Na isilingane," alisema Mwalimu Ferista. "Kompyuta imechora kapasita tuliyoiandikia. Ninyi mmepima iliyopo mezani. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta, nanyi mlikuwa mnaificha. Kipimo cha ajabu hakifutwi, kinaulizwa. Ukikiuliza kwa ukweli kitakujibu. Ukikitengenezea jibu, hutajua kitu, hata ukipata maksi."

Ripoti ya uongo ilipata sifuri. Waliruhusiwa kuandika nyingine, na walipohoji sababu ya kila kosa, pamoja na ile saba, ikawa bora kuliko zote. Mwalimu aliagiza grafu iliyovuka sifuri ibandikwe ya kwanza, na Gibson ndiye aieleze kwa wageni wa maonyesho Mbeya.

Siku ya safari Mzee Twaibu aliwasindikiza kituoni. Zuleha alikuwa ameizuia simu isifuate tena saa za mtandao. Mzee alifika kabla ya basi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Aliitazama simu kwa mashaka, akaigeuza, akaitikisa.

"Mwanangu," alisema, "hii sasa mmeiharibu."