Unga Wee, Tulia

Mwoka mikate wa mtaa ule alikuwa na mikono miwili mizuri na sauti moja mbaya. Kila alfajiri alikanda unga huku akiimba wimbo aliojitungia mwenyewe. Mkewe aliwasha tanuri huku ameziba sikio moja kwa bega. Alidai kwamba unga wao uliumuka upesi kwa sababu moja tu: ulitaka kukimbilia tanuri kabla ya ubeti wa pili.

Siku moja karai la mafuta ya moto likapinduka. Mkono wa kulia wa mumewe ukaungua, toka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Mkewe aliuweka chini ya bomba, maji yakautiririkia kwa muda mrefu. Hakupaka kitu chochote. Kisha wakaenda hospitali, na katika yote hayo mkewe alifanya vyema.

Taabu ilianza wodini. Kidonda cha moto lazima kisafishwe na kubadilishwa bandeji, na kiungo kinyooshwe. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba kiwiko kisiponyooshwa, ngozi mpya itakivuta na mkono utapona umekunjika. Mkono uliokunjika haukandi unga. Lakini mwoka mikate, hata akiwa amepewa dawa ya maumivu, akisikia tu magurudumu ya kitoroli cha nesi, mwili wote ulikakamaa. Asubuhi moja alimzuia nesi kwa mkono wake mzima. Akasema wamwache, bora mkono upinde.

Mkewe alikuwa amejaribu. Aliwahi kuleta redio, akaifungulia muziki wa dansi. Mumewe akamuuliza:

“Mama watoto, mimi nimeungua. Nani anaoa?”

Basi nesi akamwita mtaalamu wa tiba ya muziki, ambaye wodi nzima ilimjua kwa jina la Mama Gitaa. Mkewe alipoliona gitaa akauliza kama sasa dawa zitaachwa.

“Dawa haiachwi, mama,” alisema Mama Gitaa. “Dawa inapigana na maumivu. Wimbo unaipa akili mahali pengine pa kukaa, isikodolee macho kidonda. Ila wimbo anachagua mwenye maumivu, si mimi wala wewe.”

Mwoka mikate akasema kwa aibu kwamba anao mmoja. “Lakini huyu hapa haupendi.”

Pumzi ya kuimba hakuwa nayo, na wimbo ule duniani waliujua watu wawili tu. Macho yote yakamgeukia mkewe. Naye akaanza kuimba.

*Unga wee, tulia,*
*usinikimbie;*
*jua limelala,*
*nawe jilalie.*

Gitaa lilimfuata mgonjwa kwanza, haraka haraka, kama pumzi zake. Halafu likapunguza mwendo, polepole, na pumzi zikalifuata. Mkewe aliendelea kuimba. Akaona matone ya dripu yakidondoka kwa mapigo ya wimbo. Akaona shuka jeupe likijaa na kutanuka kama unga uliolala usiku kucha. Kuta zikawa mbali. Harufu ya dawa ikapotea, ikaja harufu ya mkate unaoanza kuwa mwekundu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliapa baadaye kwamba kitanda chake kilitikisa miguu.

Mwoka mikate alikuwa amefumba macho. Vidole vya mkono mzima vilikanda shuka. Nesi alisafisha, akafunga bandeji, akakinyoosha kiwiko taratibu. Mkono ukaenda mbele, kama unaosukuma donge la unga mezani.

Wimbo ulipokwisha, Mama Gitaa aliuliza kuhusu maumivu.

“Yapo,” alisema mwoka mikate. “Ila yamehamia kule, karibu na mlango.” Akafumbua jicho moja, akamtazama mkewe. “Na wewe ubeti wa pili umeuruka.”

Tangu siku hiyo kitoroli hakikuja bila wimbo. Kwanza dawa, kisha gitaa, kisha bandeji. Maumivu yakizidi mgonjwa alisema, na nesi aliongeza dawa kama daktari alivyoagiza. Mama Gitaa asipokuwapo, mkewe aliimba peke yake, na ubeti wa pili hakuuruka tena.

Leo mkono una kovu linalong'aa, lakini umenyooka. Mwoka mikate anakanda, mkewe anawasha tanuri, na wote wawili wanaimba. Majirani wanasema sauti mbaya zimekuwa mbili, ndiyo maana siku hizi mikate inaumuka maradufu.